India Gani?

Mama mwenzangu, kabla hujaendelea kusoma naomba nikuulize jambo moja. Namba ya simu ya mume wako unaijua kwa kichwa? Usichungulie kwenye simu. Itamke tu.

Mimi nilikuwa siijui. Nami ni muuguzi, mtu ambaye kila siku ya kazi huwauliza wagonjwa, "Ndugu yako wa karibu ni nani? Anapatikana kwa namba gani?" Mgonjwa akibabaika huwa namwonya kwa upole, kama mwalimu anavyomwonya mtoto. Naona haya nikikumbuka, lakini nimekubali kuyaandika haya kwa sababu katika kanisa letu peke yake nimeona akina mama wengi wakifunga safari za nje kama nilivyofunga ya kwangu.

Ilikuwa mwaka 2013. Mdogo wangu, ambaye hapa nitamwita Rehema, alikuwa na ugonjwa wa vali ya moyo. Utotoni aliugua sana mafindofindo, na kijijini kwetu wilayani Kilosa tulimpa maji ya chumvi asukutue, basi. Hatukujua kwamba maambukizi ya koo yasiyotibiwa vizuri huweza kuleta homa ya baridi yabisi, na homa hiyo ikaharibu vali za moyo polepole kwa miaka mingi. Alipofika miaka 27 alikuwa hawezi kupanda ngazi kumi bila kukaa chini. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili ilikuwa haijaanzishwa bado, ilianza mwaka 2015. Daktari akaandika barua ya rufaa kwenda hospitali moja katika mji wa Chennai, India ya kusini.

Ukoo ulichanga. Kanisa lilichanga, Jumapili tatu mfululizo. Hata hivyo fedha hazikutosha, na hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo mume wangu hakulijua. Nilikwenda kwenye SACCOS yetu ya watumishi nikakopa shilingi milioni sita, nikasaini makato ya mshahara kwa miaka mitatu. Baba Neema ni mwalimu wa sekondari, mtu wa hesabu, na mwaka huo tulikuwa tumekubaliana kuezeka nyumba. Nilijua angesema tusubiri. Moyo wa Rehema haukuwa na subira hiyo. Basi mkataba wa mkopo nikaufungia kwenye sanduku langu la bati, na ufunguo nikauweka kwenye mkoba wa safari.

Ndiyo maana sikuacha karatasi yoyote nyumbani. Watu wakiuliza husema nilisahau. Sikusahau. Ukianza kumwonyesha mtu tiketi na makadirio ya gharama za hospitali, swali linalofuata ni, "Hizi fedha zilizobaki zimetoka wapi?" Kwa hiyo pasi zote mbili za kusafiria, viza, tiketi, faili la hospitali na anwani ya nyumba ya wageni, vyote vilikaa kwenye mkoba mmoja begani mwangu. Hata kadi za bima ya afya za watoto zilikuwa humo! Nyumbani niliacha maneno matatu: "Tunaenda hospitali India."

Upasuaji ulifanyika Jumanne na ulikwenda vizuri. Rehema aliwekewa vali ya chuma, akalazwa kwenye chumba cha wagonjwa mahututi akipumua kwa mashine. Simu yangu ilikuwa haishiki mtandao kule, nami niliahidi kupiga simu nyumbani Jumatano usiku kutoka kwenye kibanda karibu na nyumba ya wageni. Jumatano jioni nilipanda bajaji. Gari ndogo ikatugonga ubavuni kwenye makutano ya barabara.

Kilichofuata sikijui vizuri. Nilivunjika mfupa wa mtulinga na kichwa kiligonga chini. Wasamaria wema walinipeleka hospitali ya serikali. Mkoba haukufika nami. Kwa siku moja na nusu nilikuwa naitikia nikiitwa lakini nachanganya maneno, naongea Kiswahili kwa wauguzi wanaozungumza Kitamil. Ijumaa ndipo akili ilipotulia nikaweza kutaja jina la ile hospitali ya moyo, na muuguzi mmoja, Mungu ambariki popote alipo, akawapigia.

Kule kwenye hospitali ya moyo walikuwa wakinitafuta tangu Alhamisi. Rehema alitolewa mashine, akafumbua macho, akauliza, "Dada yuko wapi?" Hakuna aliyejua. Wakafungua fomu yake kutafuta ndugu wa karibu. Ndugu wa karibu nilikuwa mimi. Namba ya simu, yangu ya Tanzania, ile isiyoshika mtandao. Namba ya pili, pa kuandika palikuwa patupu. Mimi muuguzi nilijaza fomu hiyo kwa mkono wangu mwenyewe.

Mdogo wangu aliniambia baadaye kwamba maumivu ya kifua hayakumtesa kama siku hizo mbili. Aliamini nimekufa na wanamficha.

Ijumaa jioni nilipewa simu nipige nyumbani. Nikapiga namba ya Baba Neema kama nilivyoikumbuka. Akapokea mwanamume mwenye sauti nzito, akaniambia yuko Mwanza na hana mke aliyeko India. Nikabadilisha tarakimu mbili za mwisho, haikupatikana. Nikajaribu namba ya simu ya mezani ya wodi yetu, nayo ikaita bila kupokelewa. Miaka kumi na moja ya ndoa, na namba ya mume wangu ilikuwa imehifadhiwa kwenye simu, na simu ilikuwa imeibiwa Chennai.

Sasa turudi nyumbani Morogoro. Jumatano usiku simu haikuja. Alhamisi haikuja. Ijumaa mama yetu akapanda basi kutoka kijijini akaja kukaa sebuleni kwetu, haongei. Majirani wakaanza kuingia. Jumamosi asubuhi mtu mmoja akaleta mzigo wa kuni na kuushusha uani bila kusema neno. Wewe unajua kuni za namna hiyo huletwa kwa shughuli gani. Juu ya hayo kijana wetu mdogo akashikwa na malaria, na baba yake akazungushwa dirishani kwa sababu kadi ya bima haipo.

Mzee mmoja wa kanisa alikuwa na mtoto aliyesoma India, akataka kusaidia. Akamwuliza mume wangu, "Mwalimu, wako India gani?"

"India," Baba Neema akajibu.

"India gani? Mji gani? Hospitali gani?"

Mume wangu hakuwa na jibu. Nchi yenye watu zaidi ya bilioni moja, naye hakujua hata kama mkewe yuko kaskazini au kusini. Aliniambia kwamba pale, mbele ya wanaume wenzake, aliona aibu ambayo hajawahi kuiona maishani.

Alipotoka hapo alichukua nyundo akavunja kufuli la sanduku langu. Alitafuta karatasi ya hospitali. Akapata mkataba wa mkopo wa milioni sita.

Naomba uelewe, mama mwenzangu, alichofanya baada ya hapo. Aliukunja mkataba, akaurudisha sandukuni, akaondoka kwenda kumtafuta daktari aliyeandika barua ya rufaa. Daktari hakuwapo, alikuwa safarini. Akampata Jumapili baada ya ibada, akapewa jina la hospitali na namba. Jumapili hiyo saa tisa alasiri, sawa na saa kumi na moja na nusu kule kwa kuwa India wametutangulia kwa saa mbili na nusu, simu ya wodi ililia nikaitwa. Nilisikia sauti yake. Hakuuliza habari ya fedha. Alisema, "Mama Neema, uko wapi hasa? Nitajie, naandika."

Shida ya pili ilikuwa pasi za kusafiria. Ukipoteza pasi India, unaanza polisi upate taarifa ya upotevu, kisha ubalozi wenu, ambao kwa sisi Watanzania uko New Delhi, zaidi ya kilomita 2,000 kutoka Chennai. Halafu ofisi ya wageni ya nchi hiyo ikupe kibali cha kutoka, maana viza imepotea pamoja na pasi. Ubalozini, kwa haki kabisa, wanataka kitu cha kuonyesha kwamba wewe ni nani. Namba ya pasi? Sijui. Nakala? Hakuna. Cheti changu cha kuzaliwa kilikuwa kwenye lile sanduku lililovunjwa, cha Rehema kilikuwa kijijini chini ya godoro la mama. Baba Neema alikwenda kukifuata, akavituma vyote kwa barua pepe kutoka kwenye mgahawa wa intaneti. Tulikaa siku 19 zaidi ya zilizopangwa, tukalipia chumba, tukanunua tiketi mpya. Nakala mbili za pasi zingenigharimu shilingi mia mbili pale stesheni ya basi.

Tuliporudi sikusubiri anianze. Usiku wa pili watoto walipolala nilimwambia yote kuhusu mkopo. Akasema, "Nimeuona mkataba." Akanyamaza muda mrefu. Halafu akasema jambo ambalo sitalisahau, kwamba milioni sita angezizoea, lakini kile kisichomtoka ni kwamba nilikuwa tayari kupotea duniani kuliko yeye kujua. Hatukumaliza usiku huo. Ilichukua miezi, na mchungaji alituita mara mbili. Paa liliezekwa mwaka 2016.

Tangu wakati huo nina kazi ndogo pale kanisani ambayo hakuna aliyenichagua kuifanya. Mtu akisafiri nje huja kwangu Jumapili na bahasha ya kaki. Ndani huweka nakala ya pasi, ukurasa wenye picha na ule wenye viza, tiketi, anwani ya atakapolala kila usiku na jina la mtu wa kule mwenye simu. Mimi kama muuguzi husisitiza dawa, kwa jina halisi la dawa wala si la kiwanda, pamoja na kipimo, kundi la damu na kitu kinachomdhuru. Rehema humeza dawa ya kuzuia damu kuganda kila jioni mpaka leo, na daktari yeyote asiyejua hilo akimchoma sindano ya msuli anaweza kumletea balaa. Kisha kuna karatasi ya pili ambayo wengi huisahau, inayowahusu wanaobaki: kadi za bima ziko wapi, nani anadaiwa nini, funguo ziko kwa nani, ada inalipwa lini.

Wanaonitia hofu zaidi ni mabinti wanaokwenda kazi za nyumbani Uarabuni. Mama mmoja wa jumuiya yetu alikaa miezi minne bila kumsikia bintiye, na alichojua ni "yuko Oman kwa Mwarabu mmoja". Tunao ubalozi Muscat, lakini ubalozi utaanzia wapi? Kule kibali cha kuishi cha mfanyakazi hufungwa kwenye jina la mwajiri, na wako waajiri wanaomnyang'anya binti pasi yake siku anapofika. Kwa hiyo nakala ya mkataba, jina kamili la mwajiri na simu yake, jina la wakala aliyempeleka na namba ya pasi lazima vibaki mikononi mwa mzazi kabla binti hajapanda ndege. Wakala akikataa kutoa nakala ya mkataba, mimi humwambia mama asimruhusu mtoto kuondoka. Wapo walionichukia kwa ajili hiyo. Binti wa yule mama alipatikana, kwa bahati tu, kupitia msichana mwenzake aliyerudi likizo.

Usitume picha ya pasi yako kwenye kundi la ukoo la WhatsApp. Kundi lile lina wifi, lina binamu, lina na watu wasiojulikana waliingiaje, na picha ya pasi ikimfikia tapeli anaweza kufanyia mengi. Mpe mtu mmoja au wawili, wa damu au wa ndoa, halafu jitumie mwenyewe kwenye barua pepe yako. Nao watoto wafundishwe namba mbili kwa kichwa, kama wanavyofundishwa jedwali. Wa kwangu waliziimba njia nzima ya kwenda shule.

Mwezi uliopita Baba Neema alikwenda Nairobi kwa semina ya siku tano. Nilipoamka nikakuta bahasha ya kaki juu ya meza, chini ya chupa ya chai. Nakala ya pasi ilikuwamo, jina la hoteli na chumba, namba ya mwalimu wanayelala naye, dawa zake za presha. Kwenye ile karatasi ya pili, chini kabisa, kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni, alikuwa ameandika: "SACCOS, shilingi 400,000, tangu Machi. Nilikuwa sijakwambia."