Nyumba Juu ya Magurudumu: Malori Makuukuu ya Uwanda wa Chumvi

Katika jimbo la Utah, magharibi ya nchi ya Marekani, uko uwanda mweupe usio na mti wala kichaka. Jina lake ni Bonneville. Eneo lake ni kama eka 30,000, na ardhi yake ni chumvi iliyokauka ikawa ngumu kama sakafu. Zamani za kale palikuwa na ziwa kubwa mahali hapo. Maji yalipotoweka, chumvi ilibaki. Hata leo mvua za majira ya baridi huufunika uwanda kwa maji machache, kisha jua la kiangazi huyakausha na kuacha sakafu mpya. Mtu aliyepata kuona Ziwa Magadi wakati wa jua kali anaweza kukisia jinsi weupe huo unavyoumiza macho.

Ubapa wa sakafu hiyo ndio uliowavuta wenye motokaa za mbio. Mwaka 1935 Mwingereza Sir Malcolm Campbell alipita hapo kwa mwendo wa maili 301 kwa saa, akawa mtu wa kwanza kuendesha motokaa kupita maili 300 kwa saa. Mwaka 1965 Mmarekani Craig Breedlove alivuka maili 600 kwa saa kwa chombo chenye injini ya ndege. Lakini hao walikuwa na makampuni makubwa nyuma yao. Tangu mwaka 1949 uwanda huo umekuwa pia na juma la watu wa kawaida. Kila Agosti, chumvi ikiwa kavu, chama cha waendeshaji wa kusini ya California huandaa mashindano, na hapo huja mafundi, wakulima, makarani na wastaafu, kila mmoja na chombo alichokiunda kwa mikono yake. Mmoja wa watu wa namna hiyo alikuwa Burt Munro wa New Zealand, ambaye mwaka 1967, akiwa na umri wa miaka 68, aliweka rekodi ya maili 184 kwa saa kwa pikipiki ya Indian ya mwaka 1920.

MASHINDANO YASIYO NA FEDHA

Washindi wa Bonneville hawapewi fedha. Anayevunja rekodi hupata jina lake kuandikwa kitabuni, na karatasi yenye tarakimu za mwendo wake. Petroli, matairi, chakula na malazi ni juu yake mwenyewe. Tena rekodi haipatikani kwa mbio moja. Anayepita mwendo wa zamani huliweka gari lake mahali pa ulinzi, na asubuhi ya pili hulikimbiza tena; wastani wa mbio hizo mbili ndio unaohesabiwa. Kwa hiyo hana budi kukaa siku nyingi karibu na mahali pasipo na maji wala kivuli. Kulala juu ya chumvi yenyewe hakuruhusiwi. Wengi hupiga kambi kando ya barabara ya kuingilia uwandani, na wengine hukodi vyumba katika mji mdogo wa Wendover, ulio mpakani mwa Utah na Nevada.

Mtu wa namna hii anahitaji vitu vitatu: gari la kubebea chombo chake, karakana ya kukitengenezea, na nyumba ya kulala yeye na wasaidizi wake. Kununua vyote vitatu vikiwa vipya ni kazi ya tajiri. Ndiyo sababu wengi hununua lori moja kuukuu, lililokwisha kubeba samani au vyakula kwa miaka mingi, wakalifanya litimize kazi zote tatu.

KUCHAGUA LORI

Mnunuzi mwenye akili hatazami rangi. Kwanza hulala chini ya lori akaitazama fremu, maana kutu iliyokula chuma cha fremu haiponi kwa rangi mpya. Hutazama kama pana nyufa, au mahali palipochomelewa ovyo. Hujaribu breki za upepo, akisikiliza kama upepo unavuja injini ikizimwa. Husoma tarakimu nne zilizopigwa ubavuni mwa kila tairi: mbili za kwanza ni juma, na mbili za mwisho ni mwaka. Tairi yenye alama 3518 ilitengenezwa katika juma la 35 la mwaka 2018. Tairi iliyozeeka inaweza kuonekana nzima, kisha ikapasuka jangwani chini ya mzigo.

Baada ya hayo hupima sanduku la lori kwa ndani. Likiwa na urefu wa futi 26, na motokaa ya mbio ina futi 16, zinabaki futi 10 tu, na humo itoke nafasi ya kupita na unene wa ukuta. Nyumba yenyewe itakuwa na urefu wa futi nane au tisa. Hapo ndipo ufundi unapoonekana. Kwa kuwa motokaa ya mbio mara nyingi ni fupi kwa kimo, kitanda huweza kujengwa juu ya pua yake. Kiti cha mchana hukunjuliwa kikawa kitanda cha usiku, na meza ya chakula huinuliwa ikabanwa ukutani. Madirisha hukatwa katikati ya nguzo za sanduku. Nguzo hazikatwi, kwa sababu ndizo zinazoshikilia paa.

Serikali ya Marekani nayo ina kipimo chake cha kulijua gari la kuishi. Kwa sheria ya usalama wa magari, gari la namna hiyo linapaswa kuwa na angalau vitu vinne kati ya hivi sita: jiko, friji au sanduku la barafu, choo chake lenyewe, chombo cha kupasha joto au kupoza hewa, maji safi pamoja na bomba na beseni, na umeme wa nyumbani au gesi. Sheria za kuandikisha gari na za leseni ya dereva hutofautiana kutoka jimbo hadi jimbo, na mtu mwangalifu huziuliza kabla ya kununua hata msumari mmoja.

UZITO NDIO HAKIMU

Adui mkubwa wa kazi hii ni uzito. Kila lori lina uzito lililoruhusiwa na watengenezaji wake, na ndani yake huhesabiwa lori lenyewe, mzigo, mafuta, maji na watu. Kwa mfano, lori lililoruhusiwa ratili 26,000, nalo likiwa tupu lina ratili 14,000, limebakiwa na ratili 12,000. Motokaa ya mbio ichukue 4,000. Kuta, vitanda, makabati na jiko vichukue 3,000. Injini ya akiba, matairi na vyombo vya ufundi vichukue 2,500. Watu wanne na mizigo yao wachukue 1,000. Galani 100 za Kimarekani za maji zina ratili zaidi ya 800. Zimebaki ratili zisizofika 700, na bado jenereta haijapakiwa. Ndivyo lori lililoonekana kubwa kama ghala linavyojaa kabla ya mwenyewe kutambua.

Wala haitoshi kujua jumla. Motokaa hukaa nyuma, na ikiwa sanduku limepita sana ekseli ya nyuma, uzito wake huinua mbele kama watoto wachezao pembea ya ubao. Usukani huwa mwepesi, na lori huyumba kwenye upepo. Kwa hiyo tangi la maji na betri huwekwa chini, katikati ya ekseli mbili, na nyumba hujengwa mbele. Fundi mwema hulipeleka lori kwenye mizani mara mbili: likiwa tupu, na likiwa limepakiwa kama siku ya safari. Kila ekseli hupimwa peke yake.

Liko jambo la pili lisilosamehe. Watu hulala hatua chache tu kutoka kwenye petroli. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni ukitafuta moto. Gesi ya kupikia nayo hushuka chini vivyo hivyo. Moshi wa jenereta una sumu isiyo na harufu, inayoweza kuua watu usingizini. Kwa sababu hiyo ukuta kati ya gereji na nyumba huzibwa kabisa. Mitungi ya gesi huwekwa katika kabati linalofunguka nje tu, lenye tundu chini. Chombo cha kutambua sumu hutundikwa karibu na vitanda, na nyumba hupewa njia mbili za kutokea.

SAFARI

Atokaye Los Angeles kwenda Wendover ana zaidi ya maili 600 mbele yake. Kwanza hupanda mlima wa Cajon, ambako barabara hupita futi 4,000 juu ya usawa wa bahari, na hapo rejeta mbovu hujitangaza kwa mvuke. Kisha huvuka jangwa la Mojave, hupita Las Vegas, na kuelekea kaskazini kwa barabara ndefu ya Nevada hadi mji wa Ely, ulio juu kuliko futi 6,000. Katika miteremko, dereva aliyezidisha mzigo huanza kunusa breki zake. Aliyepima mapema hushuka kwa gia ndogo, bila haraka.

Jangwa lililo mbele yake limekwisha kuwafundisha wengine somo hilo kwa uchungu. Mwaka 1846 kundi la wahamiaji waliokuwa wakienda California, linalojulikana kwa jina la Donner, lilipita huko na magari ya kukokotwa na ng'ombe, yaliyobeba familia na mali zao zote. Walikuwa wameambiwa kuwa jangwa lina maili 40 hivi. Lilikuwa na maili 80. Chini ya ganda la chumvi mlikuwa na tope. Magari yalizama, ng'ombe walikimbia kwa kiu, na mengine ya magari hayo yaliachwa palepale. Siku walizopoteza ziliwachelewesha wakakutwa na theluji milimani, na karibu nusu yao walikufa.

Lori la leo nalo huadhibiwa na chumvi. Chumvi mbichi hushika chini ya gari kama saruji, hula nyaya za umeme na chuma. Wenye busara huendesha polepole, na wakitoka huosha fremu yote kwa maji mengi kabla ya kurudi nyumbani. Na chumvi yenyewe haina ahadi. Mashindano ya Agosti yalifutwa mwaka 2014, 2015 na 2022 kwa sababu uwanda ulikuwa na maji au chumvi yake haikufaa. Wenyeji wanasikitika kwamba ganda limekuwa jembamba kuliko zamani, na tangu mwaka 1997 pamefanywa juhudi za kurudisha maji ya chumvi uwandani. Katika miaka kama hiyo, mtu aliyetumia fedha zake zote kwa mashindano ya juma moja hubaki na hasara. Aliyejenga lori lake vizuri bado ana nyumba, ghala na karakana, vya kutumia mwaka mzima.

Mkulima au mfanyabiashara anayenunua lori lililokwisha tumika ili alipe kazi nyingine hana haja ya uwanda wa chumvi kujua faida ya mambo haya. Aikague fremu kabla ya rangi, asome umri wa matairi, ajue uzito ulioruhusiwa, na apite mizanini kabla ya barabara kumpima. Haba na haba hujaza kibaba, na lori nalo hujazwa vivyo hivyo: kabati moja, pipa moja, gunia moja, mpaka ekseli ivunjike.