Bastola ya Mmarekani kwenye mizani ya Kariobangi

Ukishuka matatu kando ya Barabara ya Outer Ring, huna haja ya kuuliza njia ya kwenda Kariobangi Light Industries. Fuata masikio. Nyundo zitakupokea kabla hujamwona azishikaye, na moshi wa alumini inayoyeyushwa ili imwagwe katika kalibu utakukuna koo. Huku mabati hugeuka masanduku ya watoto wa shule za bweni, vipande vya injini hugeuka sufuria, na kila chuma, kiwe kikongwe au kipya, hupita kwanza kwenye mizani.

Niliyemwendea ni mzee mmoja anunuaye vyuma chakavu. Nilikuwa nimesikia kwamba mwaka 2021 vijana wa mikokoteni walimletea gunia lenye bastola ndani.

"Si bastola, mwanangu," alinirekebisha huku akinisogezea kigoda. "Ilikuwa mifupa ya bastola."

Mbao za mpini zilikuwa zimeoza na silinda imegandamana kwa kutu. Lakini alipofuta ubavu wa mtutu kwa kidole, herufi zilijitokeza: Smith & Wesson.

Jina hilo lina historia. Kampuni hiyo ya Marekani ilianza kuuza rivolva mwaka 1857, miongo miwili baada ya Samuel Colt kupata hataza yake nchini humo, mwaka 1836. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili ilipeleka zaidi ya nusu milioni kwa Uingereza na nchi zilizokuwa chini yake. Kenya ikiwa koloni wakati huo, si ajabu moja kuishia kwenye gunia Kariobangi.

Huko Marekani kuna watu ambao riziki yao ni kuthamini silaha kama hizo. Mthamini hutazama kama nambari iliyo kwenye kiunzi inalingana na zile za sehemu nyingine. Huangalia ni kiasi gani cha rangi ya kiwandani kimesalia. Kisha huuliza karatasi: ilitoka kiwandani lini, ilipelekwa wapi, nani aliimiliki? Na ole wake aliyeisugua kwa msasa ili ing'ae! Kufanya hivyo ni kuipunguzia bei, pengine hata kuiharibu kabisa machoni pa wakusanyaji.

Nilipomweleza mzee jambo hilo alicheka hadi akashika ubavu. Huku kwao msasa ndio unaoleta wateja.

Hakucheka nilipomtajia bei. Mnamo Agosti 2021, rivolva aina ya Colt ambayo afisa wa usalama Pat Garrett alimuulia jambazi Billy the Kid mwaka 1881 ilipigwa mnada Los Angeles kwa zaidi ya dola milioni 6. Chuma hicho kwenye mizani ya Kariobangi hakingefika kilo 2. Kilicholipiwa ni hadithi, na karatasi za kuithibitisha. Miezi miwili kabla ya mnada huo, huko Ngong, Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, alikuwa ameongoza hafla ya kuteketeza bunduki 5,144.

"Hizo milioni zenu ni za watu wenye karatasi," mzee akasema. "Mimi nilikuwa na kutu."

Na kutu hiyo ilimkosesha usingizi. Nchini Kenya, kuwa na bunduki bila cheti ni hatia, na polisi anayekukuta nayo hatakuuliza kwanza kama silinda inazunguka. Angeitupa tanurini, pengine mtu angeona na kwenda kusema. Angeibeba mwenyewe hadi kituoni, je, akisimamishwa njiani? Jioni hiyo kijana asiyemjua alikuja akimuulizia "kile chuma kidogo" na kumwonyesha noti. Mzee anasema hapo ndipo miguu ilipomwishia nguvu. Mafundi wa mtaa huu wanaweza kufufua karibu kila kitu, na aliwahi kumzika mtoto wa jirani aliyepigwa risasi akitoka kazini.

"Nilimwambia nimeshaiuza," alisema. Huo ndio uongo pekee aliokiri kwangu, nami sikumlaumu.

Asubuhi aliwaita majirani wawili wa makamo, mmoja wao mzee wa kanisa, wakaketi pembeni mwa gunia kama walinzi wa maiti. Kisha akatuma mtu awaite polisi. Walikuja, wakaandika maelezo yake, wakaondoka nayo. Hakuisikia tena.

Mimi, nikiri, nilisikitika kidogo. Ningependa kuiona ile nambari. Ingeweza kutuambia ilitoka kiwandani lini, huenda hata ilikokwenda kwanza. Mzee hakunielewa hata kidogo, akaniuliza kama nina watoto.

Kabla sijaondoka alinionyesha daftari lake. Sheria ya vyuma chakavu ya mwaka 2015 ilimfundisha kuandika, na biashara hiyo ilipopigwa marufuku nchi nzima kuanzia Januari hadi Mei 2022, baada ya nguzo za umeme kuhujumiwa, alizidi kulishikilia. Alilamba kidole, akafunua kurasa nyuma hadi mwaka 2021. Katikati ya shaba, betri na radieta kulikuwa na mstari mmoja kwa kalamu nyekundu: "Chuma, karibu kilo 1, polisi." Mahali pa bei alikuwa ameweka kistari.