Mzabibu Usiojua Mwaka Mpya

Haya wasomaji, leo hakuna msimbo. Au upo kidogo, mtaniwia radhi.

Huko Georgia (ile ya milima ya Kaukazi, sio jimbo la Marekani) kuna divai nyekundu inayoitwa Usakhelouri. Maana ya jina hilo ni "isiyo na jina". Zabibu zake hutoka kwenye miteremko michache ya Lechkhumi na hazizai sana, kwa hiyo chupa zake ni adimu na bei inauma. Majirani zao wa Racha wana Khvanchkara, tamu kidogo bila kutiwa sukari. Kwa njia ya zamani, baridi ya milimani ilikuja mapema, hamira ikalegea kabla ya kumaliza sukari yote ya zabibu, na utamu ukabaki. Watu hawa hawakuanza juzi. Mwaka 2017 wanasayansi walitangaza kuwa vipande vya vyungu vilivyofukuliwa kusini mwa Tbilisi vina mabaki ya divai ya miaka kama 8,000 iliyopita.

Nayajua haya kwa sababu ya baba. Aliona video ya hao wazee wa Georgia kwenye simu, akanipigia jioni ileile: "Kijana yangu, kule ni mlimani kama kwetu. Kwa nini tusing'oe mahindi tupande hii?"

Shamba lenyewe ni nusu ekari, nje ya Eldoret upande wa kwenda Iten. Si kubwa, lakini mahindi yake ndiyo yanayolipa karo ya mdogo wangu. Na katika familia yetu, aliyesoma tarakilishi chuo kikuu huulizwa kila kitu, kuanzia printa hadi kilimo. Nikasema Baba nipe muda.

Kwanza nilitafuta kama kuna mtu amewahi kujaribu hapa nyumbani. Yupo. Marehemu Richard Leakey, yule wa mafuvu ya Turkana, aliyefariki Januari 2022, alipanda Pinot Noir ukingoni mwa Bonde la Ufa upande wa Ngong, karibu mita 2,000 juu ya bahari. Akatengeneza divai kidogo kidogo kwa jina la Zabibu. Naivasha nako kumetoka divai iitwayo Leleshwa, jina la kile kichaka chenye majani ya rangi ya fedha. Kwa hiyo mwinuko si kikwazo. Eldoret tuko kama mita 2,100, usiku wetu ni wa baridi, na usiku wa baridi huilinda ile ladha kali kidogo ya zabibu isipotee.

Kikwazo ni saa, na hapa ndipo mimi kama mtu wa programu nilipokaa wima. Mzabibu wa Georgia una saa ndani yake inayosomwa kutoka nje. Siku zinafupika, baridi inaingia, majani yanapukutika, mti unalala. Jua likirudi unaamka, machipukizi yote kwa pamoja, kisha maua, kisha matunda. Sisi tuko nusu digrii tu kutoka Ikweta. Juni na Desemba mchana ni uleule. Mzabibu ukiuacha hapa unaendelea tu kutoa majani, tawi hili lina ua, lile lina tunda bichi, jingine halina kitu. Ni kitanzi kisicho na sharti la kusimama! Mliowahi kuandika kimoja usiku wa manane mnajua feni ya kompyuta inavyolia.

Anayesimamisha ni binadamu mwenye mkasi. Unapogoa mti mzima siku moja, nao unaanza upya kutoka siku hiyo. Dodoma, ambako zabibu zililetwa na wamisionari Wakatoliki karne iliyopita, wakulima wanavuna mara mbili kwa mwaka kwa ujanja huohuo. Mkulima wa Georgia hawezi, mwaka wake amepangiwa na theluji.

Lakini Dodoma ni kukavu. Naivasha pia mvua ni chache kuliko kwetu. Nikaweka shambani kitambuzi cha joto na unyevu, kibao kidogo kinachotumia betri na kutuma vipimo kwenye seva yangu. Nilikiacha miezi kumi na miwili. Usiku wa Julai joto lilishuka chini ya digrii 10, safi kabisa. Unyevu ndio ulionitisha. Kuanzia Aprili mpaka Septemba hewa ilikuwa imelowa kila asubuhi, mara nyingi mpaka saa nne. Huo ndio mwaliko wa kuvu wa mizabibu, nao hauhitaji kadi.

Nilimwonyesha baba mchoro. Akautazama sana, akasema, "Basi mahindi yabaki." Nilipumua. Kisha akaongeza, "Lakini kumi na miwili tutapanda, pale karibu na tangi." Mama, ambaye kanisani kwao pombe haitajwi, akasema hizo zitakuwa za kula. Ila ndiye aliyevutiwa zaidi na mitungi ya Kigeorgia, ile inayozikwa ardhini na kupakwa nta ya nyuki ndani, ambayo UNESCO iliorodhesha utengenezaji wa divai ndani yake mwaka 2013. Aliniuliza wanaisafishaje. Yeye husafisha kibuyu chake cha mursik kwa sosiot na kukipaka mkaa wa senetwet, na anaamini mtu akikosea hapo, maziwa hayana msaada.

Miche ipo tangu mwaka jana. Itachukua kama miaka mitatu kabla ya kuvuna kitu cha maana, na kuuza divai kunahitaji leseni, ile sheria ya 2010, kwa hiyo msiniandikie kuagiza chupa.

Tunachobishana sasa ni tarehe ya mkasi. Mimi nahesabu kinyumenyume kama anayepanga toleo la programu: zabibu ziive Januari au Februari, wakati wa kiangazi, toa miezi mitano hivi, unapata mwisho wa Agosti. Baba anasema Agosti mvua bado inapiga na machipukizi machanga yataoza, ngoja Oktoba. Oktoba inasukuma mavuno hadi Machi, mvua ikianza. Tumegawana, sita kwake, sita kwangu.