Mfupa Uliokosa Kazi

Katika Mfungo Mosi uliopita nilianguka na pikipiki njiani Kisarawe, nikavunjika mkono wa kuume, juu kidogo ya kifundo. Nikafungwa plasta wiki sita, na mfupa ukaunga, alhamdulillahi. Lakini plasta ilipotolewa niliuhurumia mkono ule huruma isiyo mahali pake. Nikautundika kifuani kwa kitambaa, mke wangu akanilisha, na vijana wa chuoni wakaniandikia ubaoni. Nilikwisha ambiwa nichezeshe vidole tangu siku ya kwanza, sikusikia. Ikapita miezi miwili, vidole vikakakamaa na maumivu yakazidi.

Nikaenda hospitali ya Tumbi, Kibaha. Daktari akapiga picha mikono yote miwili, akaziweka pamoja. Mifupa ya kushoto ilikuwa myeupe, thabiti. Ya kuume, hata ya vidole visivyovunjika kamwe, ilififia kama kanzu iliyochakaa kwa kufuliwa. Nikadhani ni saratani.

“La, maalim,” akasema, “mfupa huu umekosa kazi.”

Akanieleza kuwa ndani ya mfupa mna chembe zijengazo na chembe zibomoazo, na kwamba uzito na mvuto wa misuli ndio uwaamrishao wajenzi. Kazi ikikoma, wajenzi hulegea, nao wabomoaji huendelea. Hata wanaanga, ambao huko juu hawahisi uzito, hupoteza kiasi cha sehemu moja katika mia ya mfupa wa nyonga kila mwezi. Tena kifua kikuu cha mifupa na baridi yabisi huweza kuufifiza mfupa mahali pamoja. Kwa hiyo mtu asijipimie mwenyewe nyumbani.

Dawa yangu ilikuwa kazi ya kipimo: kufumba na kufumbua vidole, kukamua kitambaa katika maji ya uvuguvugu, kisha kubeba birika, pamoja na dagaa walao na mifupa yao, na jua.

Lililoniuma zaidi ni sala. Tumeamrishwa kusujudu juu ya mifupa saba, na kitanga kimoja nilikuwa nikikiacha hewani. Asiyeweza ana udhuru, naam. Lakini mimi, baada ya mfupa kuunga, je, sikuweza, au niliogopa? Siku niliyokiweka tena mkekani nilitia uzito mdogo tu, nikatoka jasho.

Sasa naandika ubaoni mwenyewe. Alifu yangu bado imepinda, na watoto wanacheka.