Veranda ya Baba

Wiki tatu sijaandika kitu hapa. Sijazichoka programu, ila nilikuwa nyumbani Nyeri nikichora veranda.

Tangu augue mwaka jana, Baba hatembei mbali, na mvua ikinyesha ule udongo mwekundu wa uani huteleza kama sabuni. Nikaona tumjengee veranda ya mbao, sawa na sakafu ya sebule, asipande hata ngazi moja. Nikachora kwenye kompyuta: futi 12 kwa 10, mbao 20 za saiprasi za sita kwa moja, nguzo za mkaratusi zilizotiwa dawa. Ielekee wapi? Kaskazini mashariki, bila shaka, Mlima Kenya uko huko. Hata Baden-Powell, yule mwanzilishi wa maskauti, alipojengewa Paxtu hapa Nyeri mwaka 1938, veranda yake ilitazama mlima. Mimi ni nani nimbishie?

Fundi aliiangalia karatasi akasema nguzo zisifukiwe udongoni, zikae juu ya zege, na kati ya mbao tuache nafasi ya unene wa msumari ili maji yapite. Sawa. Nikampelekea Baba.

Aliitazama kwa muda. "Mlima huonekana saa ngapi?"

Asubuhi, nikamwambia, kabla mawingu hayajaufunika.

"Na mimi hutoka nje saa ngapi?"

Saa tisa alasiri. Dawa za asubuhi humlaza hadi adhuhuri. Saa tisa mlima umeshajificha, jua limehamia upande wa Nyandarua, na nyumba yenyewe ingemtupia kivuli. Baridi ya Nyeri mwezi wa Julai mnaijua, au kama hamuijui njooni!

"Tena huko nyuma nitamwona nani?" akaendelea. "Watu hupita huku langoni. Mlima nimeuona miaka 74."

Wateja huwa nawauliza maswali kama hayo kabla sijagusa kibodi. Baba sikumwuliza hata moja.

Basi nimechora upya, magharibi, kuelekea lango. Upande huo ardhi inashuka, kwa hiyo nguzo za mbele zitafika futi nne na lazima kuwe na ukingo wa kushikilia. Gharama imepanda. Fundi anataka tumalize kabla ya mvua za Oktoba, na mbao bado zinakauka. Baba ameshachagua kona ya kiti chake. Ameagiza ukingo uwe na nafasi za kutosha, asije akaanza kusalimiana na kofia za watu.