Swali la Mtoto Ngomeni

Katika miaka yangu ya ualimu nilijibu maswali mengi, na mengi nimeyasahau. Moja sikulisahau, kwa sababu nililijibu vibaya.

Ilikuwa mwaka 1979. Nilikuwa kijana, sijatoka chuo cha ualimu zamani, nimewapeleka watoto wa darasa la saba kuitazama Ngome ya Yesu, Mombasa. Chini yetu, baharini, wapiga mbizi walikuwa wakichunguza mabaki ya Santo António de Tanná, manowari ya Wareno iliyozama pale Oktoba 1697, ngome ilipokuwa imezingirwa na Waarabu wa Omani. Niliwasimulia watoto vita vile, tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698, kama nilivyofundishwa mimi: Wareno ndani, Waarabu nje. Msichana mmoja akauliza, "Mwalimu, na watu wetu walikuwa wapi?"

Nikamjibu, "Mwanangu, vita hivyo havikuwa vyetu." Wenzake wakacheka. Akainamisha kichwa.

Miaka mingi baadaye nilirudi peke yangu, nikaingia katika makumbusho ya ngomeni bila haraka. Pamoja na sahani za kaure kutoka China niliona vyombo vya udongo, vyungu vya kupikia kama vile alivyotumia mama yangu. James Kirkman, aliyeichimba ngome ile baada ya kuacha kuwa jela mwaka 1958, hakuvipuuza vigae vya kwetu kwa kutafuta vya fahari. Nikajiuliza: ni nani aliyepika humu?

Swali hilo likanirudisha vitabuni. Kumbe kufikia Agosti 1697 maradhi yalikuwa yamewamaliza Wareno, na ngome ikabaki mikononi mwa Bwana Daud wa Faza, pamoja na jamaa zake na Waafrika wachache, wengi wao wanawake. Hao ndio walioishikilia mpaka Septemba, merikebu za msaada zilipotia nanga, Santo António de Tanná ikiwa mojawapo. Siwasifu wala siwalaumu, maana wengine hawakuwa na uhuru wa kuchagua upande. Lakini walikuwamo.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Wale wapiga mbizi waliigawa sehemu yao miraba, wakaandika kila kitu kilipotoka, hata kipande cha ubao. Walipomaliza, mwaka 1980, hawakuling'oa gombo la merikebu; walilipima, wakalichora, wakalifunika tena palepale chini ya bahari. Walijua kwamba kitu kikitolewa mahali pake bila kuandikwa, hubaki pambo tu, kimenyamaza.

Nami, niliyeita majina ya watoto kila asubuhi kwa zaidi ya miaka thelathini, nisikubali hata mmoja arukwe, niliisoma rejista ya ngome ile nikaruka majina ya watu wangu mwenyewe. Tena nilimfundisha mtoto kuona haya kwa kuwauliza.

Msichana yule leo huenda ana wajukuu. Ikiwa kitabu hiki kitamfikia, na apokee jibu lake, lililochelewa sana: Mwanangu, walikuwa ndani, wakipika, wakiuguza, wakilinda kuta. Uliuliza vizuri. Mwalimu wako ndiye aliyekuwa hajasoma.