Kukodi Chombo cha Kwenda Koyama

Darasani watoto walituuliza: ukifika Kismayo, wakodi gari gani kwenda visiwani? Tulicheka, kisha tukanyamaza. Wengi wamezaliwa hapa kambini, bahari hawajaiona.

Koyama, Ngumi, Chovai na Chula gari haliendi. Hukodiwa dau ama mashua, na huangaliwa upepo kabla ya bei. Kaskazi, Disemba hadi Machi, hukusukuma toka Kismayo kushuka visiwani. Kurudi ndiyo kazi, ni kupiga bisho njia nzima. Kusi ikikaza, Juni na Julai, nahodha mwema hakubali hata umpe nini. Nauli pataneni mkiwa pwani, sio katikati ya maji, na muulize chakula cha mabaharia ni juu ya nani. (Wazee wasema ugomvi huanzia hapo.)

Vita vilipozuka Januari 1991 ilikuwa ikivuma kaskazi hiyohiyo, nayo ikawabeba wazazi wetu hadi Lamu na Mombasa. Siku hizo hakuna aliyepatana bei. Mama mmoja tunayemjua alivua bangili zake akampa nahodha.

Mzee anayekumbuka majina ya tanga na kamba za dau, tunamuomba aje darasani Alhamisi asubuhi. Watoto wana madaftari tayari.